Tunda Lililozikwa kwa Jina la Oduol

Filemoni hakuogopa kulala ndani ya jeneza. Alikwisha kuzikwa mara moja, huko upande wa Nyangoto, na hakuumia hata kidogo, kwa sababu siku ya mazishi yake hakuwepo.

Ndiyo maana wanaume wazima wa kijiji chake cha Mbalibali, Serengeti, walipoanza kutoweka pale nyumbani kwake, mmoja akidai ng'ombe hawajanywa maji, mwingine akishika kiuno, yeye alivua viatu akasema, "Leteni hilo sanduku. Nitalala mimi."

Muzamil alikaribia kumkumbatia. Muzamil alikuwa mpiga picha za harusi kutoka Bomani, pale Tarime mjini. Alikuwa amechoka kupiga watu wanaokata keki, akaamua kutengeneza sinema ya upelelezi. Tajiri anauawa, polisi wanachunguza, wanagundua marehemu alikuwa jambazi zamani, akakimbia kwao, akabadili jina. Kwa nyumba ya tajiri ilihitajika nyumba yenye baraza na bati la rangi, na hapo Mbalibali nyumba hiyo ilikuwa ya Filemoni.

Tatizo lilikuwa tajiri mwenyewe. Mwigizaji wake, kijana mnene aliyetoka Mwanza, alikubali kupigwa risasi, akakubali kuviringishwa korongoni, lakini jeneza alilikataa katakata. Alisema hata mama yake akisikia atazimia. Akala sahani mbili za wali wa Kezia, mke wa Filemoni, akaenda kulala kwenye gari.

"Tumbo lenu ni moja," Muzamil alimwambia Filemoni akimpima kwa macho. "Uso tutaupaka unga, puani pamba. Hakuna atakayejua."

"Na huyo jambazi wako," Filemoni aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "anagunduliwaje?"

"Zamani yake inamfuata, mzee. Ndiyo sinema yenyewe."

"Upuuzi. Watu wana kazi za kufanya."

Alisema hivyo, lakini naye alikuwa na zamani yake. Mke wake Kezia alimjua kama Mkerewe. Yatima. Wakati wa posa, baba yake Kezia, Mkurya asiyependa kuzungushwa, alipouliza ndugu wa mkwe wako wapi, Filemoni alijibu kwamba wote walizama ziwani kwa mtumbwi mmoja: baba, mama, na dada wanne. Wazee wakampunguzia ng'ombe wawili kwa huruma. Na tangu aolewe, kila Novemba Kezia alipeleka kanisani jina la mama mkwe aliyezama, aombewe pumziko la milele.

Ukweli ni kwamba Filemoni alikuwa Oduol, mwana wa Amondi, Mjaluo, na ziwa alilipita tu kwa mbali. Ujanani alichimba dhahabu na wenzake karibu na Nyangoto, kwenye shimo lao dogo la kuungaunga. Zamu yake ya kulinda mawe ilipofika, mvua ikinyesha, alipakia viroba viwili vya wenzake kwenye baiskeli akaondoka. Nyuma yake shimo likabomoka. Wenzake wakadhani yuko chini, amefukiwa pamoja na viroba. Walichimba wee, wasipate mtu.

Ndipo wazee wakafanya kama Wajaluo wafanyavyo mtu akipotea na mwili usionekane. Walitafuta yago, lile tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu na zito kama mtoto, wakalivisha shati la Oduol, wakalilaza kaburini, wakalilia. Oduol alipata habari akiwa Mugumu, kwa muuza dagaa aliyehudhuria na kusifu sana pilau. Tayari mawe yalikuwa yamesagwa. Hayakuwa na kitu. Kwa hiyo alikuwa amekufa bure, na hata kurudi hakuweza, maana ajirudishe aseme nini? Akaitwa Filemoni, akalima, akafuga, akanenepa.

Sasa alilala kwenye jeneza la kukodi katikati ya uwanja wake, shuka nyeupe hadi kidevuni, akisubiri waliaji. Wanawake wa Mbalibali walikuwa wamekataa kumlilia mtu mzima wa afya, walisema ni kumwita mauti kwa jina. Muzamil akapiga simu Tarime, na gari la Noah likaleta akina mama sita ambao sifa yao ya kulia ilikuwa imevuka wilaya.

"Maiti, usipumue kwa tumbo!" Muzamil alipaza sauti. "Haya, akina mama. Akshen!"

Vilio vikaanza. Vilikuwa vizuri, hata Filemoni alijionea huruma kidogo. Kisha sauti moja ikakatika katikati, juu kabisa ya uso wake. Halafu sauti ikarudi, safari hii kwa Kijaluo.

"Oduol wuod Amondi, yaye! Oduol mwana wa Amondi!"

Marehemu alifumbua jicho moja kiasi cha uzi. Juu yake palikuwa na uso wa Atieno, pengo lake la mbele lile lile, nywele sasa zina mvi. Atieno alikuwa mke wake wa kwanza. Yaani mjane wake.

"Kumbe umenenepa hivi!" Atieno alilia, akipiga mapaja. "Mimi nakonda kwa ajili ya tunda, wewe unaota shavu! Yaye! Nani alikufulia mashuka meupe hivi, Oduol? Udongo wa Nyangoto ulikuwa unakupeleka wapi, mpaka ukatokea Serengeti?"

Wenzake watano, waliokuwa Wakurya na Wajita, hawakuelewa neno. Waliitikia kwa uchungu.

"Kata! Kata!" Muzamil alirukaruka. "Mama, wewe ni moto! Ulikuwa unasema nini?"

Atieno alifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Maneno ya msiba tu, mwanangu."

"Rudia hayo hayo. Nabadilisha upande wa kamera."

Muzamil akihangaika na vyuma vyake, Atieno aliinama kama anayenyoosha shuka.

"Atieno," maiti ilinong'ona bila kusogeza midomo, "nakuomba."

"Maiti haziombi. Nyamaza unisikilize. Nilirithiwa na ndugu yako Odoyo. Nina mji wangu. Shamba nimeligombea barazani miaka na miaka, nikasimama mbele ya watu nikisema mimi ni mjane, mpaka wakaniachia. Mtoto wangu wa mwisho nimempa jina lako, mpumbavu wewe, ili jina la marehemu lisipotee. Leo ukifufuka, mimi ni mjane wa nani? Na mtoto ataitwa nani?"

"Sitaki kufufuka."

"Kweli?"

"Nina mke pale, anapika wali. Hajui kitu."

Atieno aligeuka akamtazama Kezia, aliyekuwa barazani na mwiko mkononi, mwanamke mpana, macho hayabanduki kwenye jeneza. Akarudi kwa marehemu.

"Basi tumeelewana," alisema. "Kufa vizuri."

Mambo yangeishia hapo. Watu wawili walitaka kitu kimoja, na mmoja wao alikuwa tayari amelala mkao wake. Lakini Atieno alikuwa na kilio ambacho hakuwahi kukilia ipasavyo, kwa sababu mbele ya kaburi la tunda mwanamke hulia kwa adabu. Leo mwenyewe alikuwepo, amefungwa shuka, hawezi kukimbia wala kujibu. Nani angeiacha nafasi kama hiyo?

"Akshen!"

"Wenzako walichimba mpaka kucha zikang'oka!" Atieno alianza. "Werema alivunjika mkono akikutafuta, mpaka leo umepinda kama mundu, na wewe wakati huo uko juu ya baiskeli! Viroba viwili havikuonekana, tukasema Oduol amekufa akivikumbatia, mtu mwaminifu! Kumbe ndivyo vilivyonunua bati hili?"

"Havikuwa na kitu," marehemu alinong'ona.

"Havikuwa na kitu! Yaye! Hata wizi ulikushinda! Lile tunda lilikuwa na adabu kuliko wewe. Halikuiba, halikukoroma, halikuniambia ugali hauna chumvi!"

Hapo alishika sikio la marehemu akalifinya, akalizungusha. Filemoni aliuma ulimi. Chozi moja lilimtoka, likaacha mfereji kwenye unga.

Kezia akashuka barazani.

"Muzamil," alisema. "Huyu mama anamlilia mume wangu, au anamlilia wake?"

"Ni kazi tu, Mama Vicent. Ana kipaji."

"Kipaji cha kufinya maiti masikio? Mimi nimeona misiba mingi, sijaona maiti inafinywa." Alijifunga khanga kiunoni. "Kama ni kulia, mjane mwenye nyumba nipo. Siwezi kukaa na mwiko huku watu wa Noah wanalia kwenye uwanja wangu."

"Mama Vicent, haumo kwenye hadithi."

"Niingize."

Muzamil alimtazama, akautazama mwiko, akamwingiza.

Sasa walipiga magoti wawili, huyu kushoto huyu kulia, na jeneza katikati kama meza ya watu wanaogombana. Kezia alilia Kikurya, kwa sauti iliyofanya kuku wahame. Alilia habari za zizi lisilotengenezwa tangu mvua za mwaka jana. Alilia habari za mzee anayeahidi kila siku. Atieno alimtazama mara moja, akavuta pumzi, akapanda juu zaidi. Kezia akapanda juu yake. Wale waliaji watano wa kweli walikuwa wamenyamaza wanatazama, mmoja akipiga makofi kimya kimya.

Kamera ilikuwa inakwenda. Muzamil alikuwa anatokwa na jasho la furaha.

Atieno aliona anashindwa. Kezia alikuwa na kifua cha mwanamke aliyeswaga ng'ombe tangu utotoni, na uwanja ulikuwa wake. Basi Atieno alichukua kitu alichokuwa amekibakiza. Alishika kingo za jeneza kwa mikono miwili, akashusha sauti badala ya kuipandisha.

"Amondi amekwenda, Oduol. Mama yako amekufa. Alikufa anakuita, na sisi tukamwonyesha kaburi la tunda."

Maiti ilikaa.

Ilikaa wima, shuka ikaanguka, pamba ya puani ikaruka ikatua kwenye khanga ya Kezia.

"Mama otho?" Filemoni aliuliza, yaani mama amekufa kweli. "Mama otho?"

Mliaji mmoja alikimbia mpaka kwenye mahindi. Yule mwigizaji mnene alichungulia dirisha la gari, akaona jeneza lina mtu amekaa, akarudi chini. Muzamil alisahau kusema kata.

Katika mkoa huo hata mtoto akisikia Kijaluo anajua ni Kijaluo, aelewe asielewe. Kezia alikuwa amepiga magoti bado, mdomo wazi. Mkerewe wake, ambaye siku zote alidai kwenye mnada wa Mugumu kwamba Wajaluo wakiongea hasikii hata salamu, alikuwa anatiririsha machozi na kuuliza swali kwa lugha hiyo kama mtu aliyezaliwa nayo.

Atieno alisimama, akajipangusa magoti.

"Yuko hai," alisema, sasa kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Nimekudanganya. Nilitaka kujua kama humo ndani kuna kitu chochote ambacho hakijafa."

Filemoni alijifunika uso. Alilia kwa sauti mbaya, isiyofaa kwenye sinema.

"Ni mama yupi huyo?" Kezia aliuliza.

"Mama yangu."

"Aliyezama?"

"Hakuzama."

"Yuko wapi?"

"Nyangoto."

"Nyangoto!" Kezia aliinuka. "Kila Novemba nasimama mbele ya padri namwombea pumziko la milele mtu anayekula ugali! Na baba yako?"

"Yeye alikufa kweli. Nikiwa mdogo. Kwa tumbo."

"Na wale dada zako wanne?"

Marehemu alitazama chini. "Sikuwa na dada."

"Kumbe nimewalilia watu ambao hata hawakuzaliwa!"

Alipokwisha kuambiwa na habari za Atieno, tunda na viroba, alitembea mpaka kwenye zizi bovu, akarudi. Watu walimpisha. Mwiko alikuwa amekwisha kuuokota, na hakuna aliyejua utaangukia wapi. Mwishowe aliuelekeza kwa mumewe.

"Kesho tunakwenda. Nitamwona huyo mwanamke kwa macho yangu. Akiwepo, tutajua la kufanya. Nikikuta uongo mwingine, hata mmoja, unabaki huko huko, kama mzima au kama maiti, mimi sitauliza."

"Na mimi naomba kwenda," Muzamil alisema. "Sinema yangu haina mwisho."

Asubuhi walipanda gari la Muzamil, pikapu, jeneza likiwa nyuma kwa sababu lilipaswa kurudishwa kwa mwenyewe Tarime. Njia nzima watu walivua kofia. Wengine walisimamisha baiskeli. Filemoni aliyekuwa amekaa juu ya jeneza aliwapungia, maana hakujua afanye nini kingine, na wengine waliacha baiskeli zao wakakimbia.

Atieno alikuwa amepiga simu nyumbani, kisha akatangulia na Noah jana ile ile. Walipofika, Odoyo alikuwa langoni mwa mji na ndugu wengine, mikono imenyooshwa kama mtu anayezuia ndama.

"Simama hapo hapo," Odoyo alisema. Alikuwa mdogo wake, lakini sasa alionekana mkubwa. "Karibu, kaka, lakini usiingie. Wewe umezikwa humu ndani. Mtu aliyezikwa haji na miguu yake akapita langoni. Tukikubali leo, kesho nani atabaki kaburini?"

"Nifanye nini basi?"

"Tumekaa tangu jana jioni. Tumeamua tulitoe tunda kwanza. Likitoka, nafasi inakuwa wazi, ndipo uingie."

Walichimba. Muzamil alirekodi. Filemoni alisimama nje ya ua akiwatazama wakimchimbua. Walifika chini, wakatafuta kwa vidole. Mchwa walikuwa wamemaliza kazi zamani. Walipata vifungo vitatu vya shati.

Odoyo aliviweka kwenye kiganja. "Sasa tutatoa nini?"

"Toeni vifungo," ndugu mmoja alisema.

"Vifungo havikuwa marehemu. Vilikuwa nguo."

"Basi aingie ndani ya jeneza," Muzamil alisaidia. "Jeneza tunalo."

"Halafu tumtoe jenezani akiwa ndani? Tutakuwa tumezika tunda na kufukua mtu. Hilo wewe umeliona wapi?"

Wakabishana. Jua lilipanda. Atieno alisimama nyuma ya Odoyo, mikono kifuani, akimtazama Filemoni kwa jicho la kumkumbusha maelewano. Kezia alisimama upande wa pili na jicho lake mwenyewe. Yeye alisimama katikati, nje ya ua wa kwao, akiona paa la jiko la mama yake likitoa moshi, hatua chache tu.

Moshi ukakoma. Mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka kikongwe mfupi mwenye fimbo, anatembea kwa kuegemea upande. Amondi alipita kwenye shimo la kaburi bila kulitazama, akapita kwa Odoyo, akasimama mbele ya mgeni. Alimtazama muda mrefu. Alimtazama tumbo. Alimtazama sikio, lililokuwa bado limevimba.

"Wewe nani?"

Filemoni alifungua mdomo. Oduol alikuwa hapo kwenye ulimi, jina la mtoto wa Atieno, jina lililoandamana na shamba, mkono wa Werema na viroba viwili. Mama yake alikuwa anamngoja, na macho yake hayakuwa ya mtu asiyeona.

"Filemoni," alisema.

"Wa wapi?"

"Mkerewe."

"Una mama?"

"Alizama."

"Pole," alisema Amondi. "Mimi mwanangu alifukiwa shimoni. Nasikia alikuwa mwizi, lakini siku ile hatukujua, tukamlilia kama mtu mwema. Hatuwezi kumdai machozi." Alikohoa. "Wewe huna mama. Mimi mtoto wangu wa kwanza hayupo. Odoyo!"

"Naam, mama."

"Huyu si marehemu. Huyu ni mgeni. Mgeni anapita wapi?"

Odoyo alifikiri. "Langoni."

"Basi ondoa miguu yako langoni. Na mlifukie hilo shimo, kuku wataanguka."

Ndugu walitazamana. Hakuna aliyepata kosa. Atieno alishusha mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu na pengo lake lote.

Filemoni aliingia. Alitaka kumkumbatia mama, lakini fimbo ilikuwa imenyooka kuelekea kaburini.

"Mgeni akija kwenye mji wenye kaburi, anaanza kwa marehemu. Nenda ukamlilie. Halafu utakwenda kwa Werema, utamlimia shamba lake msimu huu, maana mkono wake haufai. Akikuuliza kwa nini, mwambie marehemu amekutuma."

Akasimama juu ya udongo mbichi. Alijaribu kulia, sauti ikakataa. Nyuma yake mama alivuta kigoda akakaa.

"Mwanangu Oduol hajanisalimia tangu azikwe," alisema, kama anayeongea na ukuta. "Simlaumu, alikuwa chini ya ardhi. Wewe, Filemoni, utakuwa na sababu gani?"

Hapo alilia. Alilia mpaka akachuchumaa, na vile vifungo vitatu ambavyo Odoyo alimwekea mkononi vikamchoma kiganja.

"Mzee," Muzamil alisema kwa upole, "betri iliisha tangu pale kwenye lango. Unaweza kurudia?"

Ndugu wawili walimsindikiza Muzamil mpaka kwenye pikapu.

Kezia alikuwa amesimama kando wakati wote. Alisogea mbele ya kigoda, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekuwa unaniombea nikiwa nimekufa?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

"Nilikuwa nalala vizuri sana mwezi wa Novemba, nikawa najiuliza. Usiache. Ila sasa ombea magoti, ndiyo yanayonisumbua."

Kezia alimgeukia mumewe, aliyekuwa bado amechuchumaa kaburini, unga wa jana ukiwa umebaki kwenye nyusi.

"Haya, inuka," alimwambia. "Mama yupo, nimemwona. Pitia kwa Werema umwambie utarudi kulima, jioni tunarudi wote, kuna zizi linakungoja. Na wale dada zako wanne usije ukaniletea tena."